Barua ya makadirio ya TRA imekufika? Jinsi ya kuhakikisha unasikilizwa kabla deni halijathibitishwa

Wadau, hii naiandika kwa ajili ya mtu wa biashara ya kawaida, mwenye duka, mwenye gereji, mwenye kampuni ndogo ya watu wachache, ambaye siku moja anafungua imeili au anapigiwa simu aende kuchukua barua TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), anaikuta ina makadirio ya kodi ambayo hata kwa ndoto hajawahi kuyawaza. Wengi wakifika hapo wanafanya moja kati ya mawili. Kuna wanaokaa kimya wakiomba Mungu jambo lipite, na kuna wanaokwenda ofisini kila baada ya siku mbili kujieleza kwa mdomo, leo afisa yupo, kesho yupo safari, keshokutwa njoo wiki ijayo, afu siku ya 31 wanaambiwa muda wa kuweka pingamizi, yaani kuyapinga makadirio rasmi kwa maandishi, umeshapita. Hapo ndo utasikia mtu analalamika kwamba hakusikilizwa, na mimi naumia kwa sababu pengine ni kweli hakusikilizwa, ila kwenye faili hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba alisema kitu.

Hiyo ndo pointi yangu kubwa humu ndani. Haki ya kusikilizwa kwenye mgogoro wa kodi unayo, tena ni ya kikatiba, lakini inaishi kwenye maandishi na kwenye tarehe. Kila hatua ina barua yake na siku zake. Ukijua barua ipi inajibiwaje na ndani ya siku ngapi, hata ukishindwa huku chini unapanda juu ukiwa na kitu cha kushika.

Haki yenyewe imekaa wapi

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6)(a), inasema wakati haki na wajibu wa mtu vinapohitaji kufanyiwa uamuzi na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kupewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na pia haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Soma vizuri hayo maneno "au chombo kingine". Kamishna Mkuu wa TRA anapoamua pingamizi lako anaamua wajibu wako, kwa hiyo hayuko nje ya ibara hiyo. Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Mbeya-Rukwa Autoparts, iliyoripotiwa kwenye juzuu ya mwaka 2003, ilisema wazi kwamba kanuni za haki asilia hapa Tanzania siyo tena mambo ya kuazima kwa Waingereza, ni haki ya msingi ya kikatiba. Na imesharudia kwenye kesi nyingi kwamba uamuzi uliofikiwa bila kumsikiliza mtu unafutwa hata kama angesikilizwa na jibu likabaki lile lile.

Chini ya Katiba kuna sheria mbili za kuwa nazo kwenye simu yako. Ya kwanza ni Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, Sura ya 438, ndo inayoongelea pingamizi. Ya pili ni Sheria ya Rufani za Kodi, Sura ya 408, ndo iliyounda Bodi ya Rufani za Kodi na juu yake Baraza la Rufani za Kodi. Tafuta toleo la sasa hivi, usitumie fotokopi ya mwaka juzi uliyopewa na rafiki, maana kila mwaka Bunge linapitisha Sheria ya Fedha, inaanza tarehe 1 Julai, na mara nyingi inagusa vifungu hivi hivi. Ndo maana hata mimi hapa nakupa utaratibu bila kutaja namba za vifungu.

Kitu kingine watu wanakichanganya. Kusikilizwa haimaanishi lazima ukae mezani uongee. Kwenye hatua ya pingamizi, kusikilizwa kwa sehemu kubwa ni kwa maandishi, na hilo mahakama inalikubali. Unachotakiwa kupata ni hivi: uambiwe unadaiwa nini na kwa sababu gani, upewe muda wa kujibu, majibu yako na vielelezo vyako visomwe na mtu ambaye hana upande, na mwisho upewe uamuzi wenye sababu unaogusa yale uliyoyasema. Kimojawapo kikikosekana una hoja.

Siku barua inapokufika

Andika tarehe uliyoipokea. Siyo tarehe iliyoandikwa juu ya barua, ni ile iliyokufikia mkononi au kwenye imeili au kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya mlipakodi, kwa sababu siku 30 za kuweka pingamizi zinahesabiwa tangu ulipofikishiwa. Ukisaini kitabu cha kupokelea barua, saini na tarehe ya siku hiyo hiyo, usikubali kuandika ya nyuma kwa sababu tu barua ilikaa ofisini. Na imeili iliyosajiliwa na TIN yako (namba ya mlipakodi) hakikisha unaifungua, wapo watu imeili ya TIN ni ya yule kijana wa steshenari aliyewasaidia kujisajili miaka hiyo, barua zote zinaenda kwake na yeye wala hana habari. Kabadilishe hiyo hata leo.

Baada ya hapo soma makadirio mstari kwa mstari utafute sababu. Kama imeandikwa tu kodi kiasi fulani, riba kiasi fulani, adhabu kiasi fulani, na haielezi hizo namba zimetoka wapi, basi siku hiyo hiyo andika barua fupi kuomba mchanganuo na sababu, utaje aina ya kodi, mwaka wa mapato na namba ya makadirio. Huwezi kujibu tuhuma usiyoijua. Ila angalizo, kuomba mchanganuo hakusimamishi saa, zile siku 30 zinaendelea kukimbia, kwa hiyo unaomba huku unaandaa pingamizi.

Kama kweli kuna kitu kinakuzuia, unaumwa, uko nje ya nchi, au kuna sababu nyingine ya msingi, sheria inakuruhusu kumwomba Kamishna Mkuu akuongezee muda. Omba kwa maandishi kabla siku hazijaisha na ambatisha ushahidi, cheti cha hospitali au kurasa za pasipoti zenye mihuri. "Nilikuwa bize na biashara" haijawahi kumsaidia mtu.

Theluthi moja, hapa ndo wengi wanakwamia

Pingamizi halipokelewi hivi hivi. Unatakiwa ulipe kiasi ambacho hukibishanii, au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, chochote kilicho kikubwa zaidi. Tuseme umekadiriwa shilingi 90,000,000. Wewe ukipiga hesabu zako unakubali unadaiwa 20,000,000. Theluthi moja ya 90 ni 30, ambayo ni kubwa kuliko 20, kwa hiyo unalipa 30,000,000. Ungekuwa unakubali 40,000,000, basi ungelipa 40, siyo 30.

Najua kwa mfanyabiashara mdogo hiyo hela inaweza kuwa ndo mtaji wenyewe, na hapa naona sheria inambana sana mtu wa chini, yaani haki ya kusikilizwa inakuwa na mlango wa kulipia. Lakini mlango wa pembeni upo. Unaweza kumwomba Kamishna Mkuu apunguze au asamehe hayo malipo ya awali kama una sababu nzuri, kwa mfano kuna utata wa kweli kwenye tafsiri ya sheria au kwenye hesabu zenyewe. Maombi haya yapeleke mapema, ndani ya siku za mwanzo mwanzo kabisa, kwa sababu ukikataliwa unabaki na muda wa kuhangaikia hela kabla siku 30 hazijafika. Na usiandike tu "sina uwezo". Onyesha kosa liko wapi. Kama kodi imekadiriwa mara mbili kwa muamala ule ule, weka karatasi zote mbili kando kando na useme hivyo. Ukikataliwa, omba jibu la kukataliwa kwa maandishi lenye sababu, na ulihifadhi.

Usisahau pia riba inaendelea kupanda kwenye kodi ambayo haijalipwa wakati nyie mnaandikiana barua. Kwa hiyo ile sehemu unayoikubali ilipe, usiiache ikue.

Kuandika pingamizi linalosomeka

Pingamizi ni la maandishi na lazima lieleze sababu zako. Siyo barua ya kulia njaa. Nimeshaona barua za kurasa tatu zinaeleza uchumi mgumu, ada za watoto na historia ya biashara toka enzi za baba, hakuna hata mstari mmoja unaosema namba fulani ina makosa kwa sababu fulani. Afisa anayeisoma hata kama ana huruma hana cha kushika.

Ngoja nichukue mfano mmoja nikae nao, maana huu ndo unaowakuta watu wengi. Afisa amechukua taarifa ya benki ya kampuni yako, amejumlisha hela zote zilizoingia mwaka mzima, akakuta 240,000,000, akaangalia ritani zako (taarifa za kodi unazopeleka TRA) akakuta umeonyesha mauzo ya 150,000,000, akasema ile tofauti ya 90,000,000 ni mauzo uliyoficha, akaipigia kodi ya mapato na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) juu yake. Sasa wewe kazi yako ni kupita kila hela iliyoingia na kuipa jina lake. Chukua daftari au eksel, weka tarehe, kiasi, imetoka wapi, ushahidi upi. Utakuta hapo 35,000,000 ni mkopo wa benki, mkataba wake huu hapa. 20,000,000 ni hela ulizohamisha kutoka akaunti yako nyingine, ni hela zile zile zimehesabiwa mara mbili, taarifa ya akaunti ya pili hii hapa inaonyesha zilivyotoka siku hiyo hiyo. 12,000,000 ni mteja aliyelipa mwaka huu deni la mauzo ya mwaka jana ambayo yalishatolewa risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) na kulipiwa kodi, risiti hii hapa na ritani ya mwaka jana hii hapa. 8,000,000 ni mzigo uliourudisha kwa msambazaji akakurudishia hela. Hapo umeshaeleza 75,000,000 kati ya 90,000,000. Zile 15,000,000 zilizobaki kama huna maelezo, sema ukweli kwamba hizo unazikubali. Kukubali kidogo kilicho kweli kunafanya kingine chote ulichokikataa kiaminike.

Namba kila kielelezo. Andika kwenye barua "kielelezo cha 4, ukurasa wa 2, mstari wa tarehe 14 Machi". Usimwachie mtu boksi la karatasi akatafute mwenyewe. Na jambo la muhimu kuliko yote, toa kila kitu ulicho nacho kwenye hatua hii. Usije ukawa na mkataba kwenye droo ukasema utauibua kwenye rufaa. Ukifika nao Bodini utaulizwa ulikuwa wapi wakati wa pingamizi, na unaweza kukataliwa usipokelewe kabisa, na hapo huwezi kusema hukusikilizwa wakati wewe mwenyewe ulinyamaza. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu za biashara kwa miaka 5, na hii ndo siku utakayoshukuru ulizitunza.

Lugha isikutishe. Nyaraka za kodi zinaweza kuwa za Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo kama Kiswahili ndo kinachokutoka vizuri andika Kiswahili. Kiswahili kilichonyooka ni bora kuliko Kiingereza cha kuombea maji ambacho afisa anakisoma mara tatu haelewi unabisha nini.

Mwisho wa barua weka sentensi inayoomba kikao. Mfano: "Kabla ya kufikia uamuzi, naomba nipewe nafasi ya kuonana na afisa anayeshughulikia pingamizi hili ili nifafanue vielelezo namba 1 hadi 9." Ukipewa kikao, nenda na mhasibu wako, chukua notsi, na ukirudi andika barua siku hiyo hiyo au kesho yake ueleze mliongea nini, nani alikuwepo, nyaraka gani ulikabidhi na gani uliahidi kuleta. Barua hiyo ifike, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, au kama umetuma mtandaoni hifadhi uthibitisho. Ukikuta afisa yule yule aliyekufanyia ukaguzi ndiye anakaa kuamua pingamizi lako, andika kwa adabu kabisa kuomba lishughulikiwe na mwingine, hakuna ugomvi hapo, ni kanuni ya kawaida kwamba mtu asiwe hakimu kwenye kesi yake mwenyewe.

Barua ya pili, ile watu wanaidharau

Baada ya kupitia pingamizi, kama Kamishna Mkuu hakubaliani nalo lote au sehemu, hatakiwi kuruka moja kwa moja kwenye uamuzi wa mwisho. Anatakiwa akupe kwanza taarifa ya kusudio lake, yaani barua inayosema napendekeza kurekebisha makadirio hivi au kulikataa pingamizi, na sababu zangu ni hizi. Wewe unapewa siku 30 za kujibu kwa maandishi. Barua hii ndo moyo wa haki ya kusikilizwa kwenye kodi. Ndo sehemu pekee ambapo unaona anachofikiria mwamuzi kabla hajaamua.

Watu wanaipokea wanadhani ndo uamuzi wenyewe, wanakata tamaa, wanasubiri. Au wanajibu kwa mstari mmoja, "tunasisitiza hoja zetu za awali". Siku 30 zikipita hujajibu, Kamishna anaendelea na uamuzi na huna wa kumlaumu.

Jibu aya kwa aya. Kwenye ule mfano wetu, tuseme barua ya kusudio inasema aya ya 3, "mkopo wa shilingi 35,000,000 haukuthibitishwa". Jibu lako liwe hivi: "Kuhusu aya ya 3, mkataba wa mkopo uliwasilishwa kama kielelezo cha 2 na ulipokelewa ofisini kwenu kwa muhuri wa tarehe fulani. Barua yenu haielezi ni kwa nini kielelezo hicho hakikuzingatiwa. Tunakiambatisha tena pamoja na taarifa ya benki inayoonyesha marejesho ya kila mwezi. Kama kuna uthibitisho mwingine unaohitajika, tunaomba tuambiwe ni upi." Unaona hiyo sentensi ya mwisho? Ikifika kwenye rufaa, Bodi itaona kwamba uliuliza wanataka nini na hukujibiwa. Hiyo ni silaha.

Baadaye uamuzi wa mwisho ukitoka, uweke kando ya barua ya kusudio uvilinganishe. Angalia vitu viwili tu. Kwanza, je, uamuzi umetumia sababu mpya ambayo haikuwepo kwenye kusudio? Mfano kusudio liliongelea mkopo, uamuzi unakuja na habari ya gharama za usafiri ambazo hujawahi kuulizwa. Hapo umehukumiwa kwa jambo ambalo hukupewa nafasi ya kulijibu, na hiyo ni sababu ya rufaa inayosimama yenyewe. Pili, je, majibu yako yametajwa na kujibiwa, au kumeandikwa tu kwamba maelezo hayakuridhisha? Kunakiliwa kwa kusudio neno kwa neno kwenye uamuzi kunaonyesha majibu yako hayakusomwa, na unatakiwa uliseme hilo waziwazi kwenye rufaa ukionyesha aya kwa aya.

Na kimya je? Kamishna Mkuu ana miezi 6 ya kuamua pingamizi baada ya kulipokea. Miezi hiyo ikikatika bila jibu, sheria inachukulia makadirio yamethibitishwa na wewe unapata haki ya kwenda Bodini. Wengi hapa wanaendelea kungoja, wanasema bado TRA hawajajibu, kumbe siku za rufaa zimeshaanza kukatika. Weka alamu kwenye simu, mwezi wa tano tangu pingamizi lipokelewe anza kuulizia kwa barua, wa sita uwe na makaratasi ya rufaa tayari.

Ukifika Bodini

Hapa kuna tarehe mbili, siyo moja. Ndani ya siku 30 tangu ufikishiwe uamuzi wa mwisho unawasilisha taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na ndani ya siku 45 tangu tarehe hiyo hiyo unawasilisha rufaa yenyewe. Rudia kusoma, 45 zinahesabiwa tangu uamuzi ulipokufikia, hazihesabiwi baada ya zile 30. Nakala unampa na upande wa pili, na ushahidi wa kumfikishia unautunza. Ukichelewa, Bodi inaweza kuongeza muda kama ulikuwa nje ya nchi, uliumwa, au una sababu nyingine ya msingi, ila lazima ueleze kila siku uliyochelewa. Usitegemee ibara ya 107A ya Katiba, ile inayosema haki itendwe bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Ni ibara nzuri sana lakini Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba haikuwekwa ili kufuta taratibu na muda.

Kwenye Bodi mzigo wa kuthibitisha uko kwako mlipakodi. Ni wewe unayetakiwa kuonyesha kwamba makadirio yamezidi au hayako sahihi, kwa hiyo kusema "TRA wathibitishe" hakutoshi. Leta mhasibu aliyeandaa hesabu atoe ushahidi mwenyewe, leta mtu wa benki kama kuna ulazima, na nyaraka zipokelewe rasmi kama vielelezo, siyo zibaki zimebanwa tu nyuma ya maelezo yako. Unaweza kusimama mwenyewe au kuwakilishwa. Kwa maoni yangu kesi yenye hoja ngumu ya sheria usiende bila wakili au mshauri wa kodi, ila kesi ya hesabu kama ule mfano wa benki, mtu aliyejipanga na mhasibu wake anaweza kabisa. Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama na mabaraza kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, kwa hiyo ukiona mambo yanaendeshwa kwa lugha inayokuacha nyuma, sema pale pale, na iandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za shauri.

Hilo la kusema pale pale ni la kila kitu. Umenyimwa kuita shahidi? Simama uombe sababu ziandikwe. Umepewa waraka mpya asubuhi ya shauri ambao hujawahi kuuona? Omba muda wa kuusoma, usijibu kichwa kichwa. Ukikaa kimya siku hiyo, kule juu utaambiwa uliridhika. Na tarehe ya shauri usikose, ukikosa bila taarifa rufaa inaweza kutupwa, na kuirudisha ni maombi mengine na sababu nyingine.

Kuna kosa moja linalotokea hata kwa vyombo vyenyewe, nalo ni kuamua kesi kwa hoja ambayo hakuna upande ulioizungumzia. Wajumbe wanakaa kuandika uamuzi, wanaona jambo jipya, wanaliamulia humo humo bila kuwaita wahusika waseme neno. Mahakama ya Rufani imefuta maamuzi mengi kwa sababu hiyo peke yake na kurudisha majalada yakasikilizwe upya. Kwa hiyo uamuzi wa Bodi ukikujia, tafuta ile hoja iliyokuangusha, afu rudi kwenye maelezo ya pande zote uone kama iliwahi kujadiliwa. Kama haikuwahi, hiyo iwe sababu yako namba moja kwenda Baraza la Rufani za Kodi, ambako una siku 15 za kutoa taarifa ya kusudio na siku 30 za kuwasilisha rufaa. Kutoka Baraza unaenda Mahakama ya Rufani, na kule ni hoja za kisheria tu, hakuna mtu atakayekuhesabia tena hela za benki. Bahati nzuri kunyimwa haki ya kusikilizwa ni hoja ya kisheria, kwa hiyo inapanda nayo mpaka juu.

Kabla sijamaliza, mambo mawili yanayokuja pembeni ya mgogoro. TRA ina uwezo wa kuiagiza benki yako au mteja wako alipe kodi yako moja kwa moja kutoka hela unazowadai. Ukikuta akaunti imeguswa wakati pingamizi lako limepokelewa na theluthi umelipa, andika siku hiyo hiyo ukiambatisha risiti ya malipo na uthibitisho wa pingamizi uombe agizo liondolewe. Ukiwa umeshafika ngazi za juu usidhani rufaa yenyewe inazuia makusanyo, omba amri ya kusimamisha utekelezaji. Na kama shida yako siyo namba bali ni jinsi unavyotendewa, barua hazijibiwi, unazungushwa, afisa anakataa kupokea nyaraka, kuna ofisi ya Msuluhishi wa malalamiko ya kodi, inajulikana kama TOST, iliyoanzishwa kwa marekebisho ya mwaka 2019. Hiyo haiamui kama unadaiwa au hudaiwi wala haitafsiri sheria, inashughulika na huduma na taratibu, na kwenda huko hakusimamishi siku zako za pingamizi wala za rufaa.

Ukishinda, iwe kwenye pingamizi au Bodini, ile hela ya awali hairudi yenyewe. Andika barua ya kuomba marejesho au ihamishiwe kwenye kodi nyingine unayodaiwa, ambatisha nakala ya uamuzi na risiti ya malipo, na usijikatie mwenyewe kwenye ritani inayofuata kabla hujajibiwa kwa maandishi.